Kopo la mkaa lina nguvu kuliko marufuku

MEI 2024, jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa gesi, umeme au nishati nyingine isiyowajaza moshi mapafuni. Siku chache baadaye alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris uliojadili suala hilo hilo kwa Afrika nzima, ambako zilitolewa ahadi za Dola za Marekani bilioni 2.2.

Paris walihesabu kwa mabilioni. Biashara yenyewe ya mkaa huhesabiwa kwa kopo. Katika mitaa ya Mbagala, Tandale au Manzese mkaa umepangwa kwa mafungu pembeni mwa genge la nyanya na vitunguu, na mteja hununua wa kupikia siku hiyo tu. Anayetaka kuelewa kwa nini moshi haupungui kwa kasi inayotakiwa aanzie hapo.

Si kwamba biashara hii ni ndogo. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mkaa nchini Tanzania una thamani ya Dola milioni 650 kwa mwaka, wakati mchango wa kahawa ulikadiriwa kuwa Dola milioni 60 na wa chai milioni 45. Karibu nusu ya mkaa wote ulikuwa ukiteketea Dar es Salaam. Kahawa ina bodi yake na chai ina bodi yake. Mkaa, wenye fedha zinazozidi mara 6 ya mazao hayo mawili yakijumlishwa, kwa miaka mingi ulichopata zaidi kutoka serikalini ni kizuizi cha barabarani.

Hasara ya moshi huanzia jikoni. Serikali imekuwa ikitaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia hapa nchini, na kwa dunia nzima Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020. Wapo wanaoamini kuwa mkaa ni salama kwa sababu hautoi moshi mwingi kama kuni. Lakini mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ndiyo maana jiko lililoachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa linaweza kuua watu wakiwa usingizini.

Moshi mwingine mteja wa mjini hauoni, kwa kuwa uliachwa kijijini kwenye tanuri. Miti iliyofunikwa kwa nyasi na udongo huungua kwa hewa kidogo, na uunguaji wa namna hiyo hutoa methani kwa wingi pamoja na chembechembe za masizi. Kwa kipindi cha miaka 20, methani huongeza joto la dunia kwa zaidi ya mara 80 ikilinganishwa na uzito ule ule wa hewa ya ukaa. Habari njema ni kwamba haidumu: hukaa angani takriban miaka 12, na masizi hukaa siku au wiki chache tu. Kwa hiyo nchi inayopunguza moshi wa aina hii huanza kuona faida mapema, hewani na katika hali ya joto kwa wakati mmoja.

Hilo ndilo lililosisitizwa na tathmini iliyotolewa mwaka 2022 na Kamisheni ya Umoja wa Afrika na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), iliyokadiria kuwa hatua za pamoja katika upikaji, usafiri, taka, kilimo na nishati zinaweza kuepusha vifo 200,000 kwa mwaka barani Afrika ifikapo 2030. Mkulima ana sababu ya ziada ya kuifuatilia. Methani na gesi nyingine za moshi, zikipigwa na jua, huzalisha ozoni karibu na ardhi, na ozoni hiyo hudhoofisha mimea. Maharage ni miongoni mwa mazao yanayoathirika upesi. Wala upepo haujui mpaka wa wilaya wala wa nchi, jambo ambalo serikali za ukanda huu zilikwisha kulikubali kwa maandishi mjini Nairobi mwaka 2008, zilipoweka makubaliano ya pamoja kuhusu uchafuzi wa hewa.

MTI USIO NA BEI

Mchoma mkaa wa kawaida hupata kati ya kilo 10 na 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni anazoziingiza kwenye tanuri. Tanuri lililoboreshwa, lenye bomba la kutolea moshi na kuni zilizokaushwa na kupangwa vizuri, linaweza kutoa kilo 25 hadi 30. Maana yake ni kwamba gunia lile lile lingeweza kupatikana kwa nusu ya miti, na kwa moshi pungufu. Utaalamu huo umefundishwa kwa miaka mingi, lakini matanuri ya zamani bado ndiyo yaliyotapakaa porini.

Ni rahisi kusema kuwa wachomaji hawana elimu. Hesabu yao inaonyesha vingine. Mti wenyewe mara nyingi hawaulipii. Kinachowagharimu ni siku za kazi na hatari ya kukamatwa kabla gunia halijafika barabarani. Kukausha magogo kwa wiki kadhaa na kulipanga tanuri kwa uangalifu humwongezea mchomaji gharama ya kile anacholipia, yaani muda wake, ili aokoe kile anachopata bure, yaani mti. Mfanyabiashara yeyote makini angekataa mkataba wa namna hiyo. Mradi mti hauna bei, tanuri bora litabaki kuwa kitu cha maonyesho ya Nanenane.

Zaidi ya hayo, wachomaji wengi ni wakulima kwanza. Mahindi au ufuta ukishauzwa, fedha hulipa madeni ya mbegu na ya dukani, na ikifika Januari watoto wanatakiwa shule wakati ghala liko tupu. Mkaa huziba pengo hilo. Ukame ukila mahindi, mti bado upo, na mnunuzi wa mkaa huja na fedha taslimu mkononi bila kuuliza daraja la ubora wala kukata makato ya chama. Katika vijiji visivyo na benki wala bima ya mazao, tanuri ni benki na bima kwa pamoja.

Jambo moja hupotoshwa mara kwa mara katika mijadala ya mjini. Takwimu rasmi huonyesha kuwa Tanzania hupoteza hekta takriban 469,000 za misitu kila mwaka, na lawama yote hutupiwa mchoma mkaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu chanzo cha ukataji huo ulibaini kuwa kinachoongoza ni ufunguaji wa mashamba. Anayefyeka pori ili alime ufuta atakata miti ile iwe mkaa unaruhusiwa au la. Ukizuiwa, ataichoma palepale shambani, moshi utapaa ule ule, na hakutakuwa na hata gunia moja la kuuza. Ndiyo maana suala la mkaa haliwezi kutenganishwa na mbolea, mbegu bora na bei ya mazao: mkulima anayevuna magunia 4 ya mahindi kwa ekari atahitaji pori jipya mapema kuliko anayevuna 12.

HESABU YA SH2,000

Turudi kwenye kopo. Chukulia familia inayonunua mkaa wa Sh2,000 kila siku. Kwa siku 30 imetumia Sh60,000. Chukulia pia kuwa kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6 ni Sh25,000 na familia hiyo inamaliza mitungi miwili kwa mwezi. Jumla ni Sh50,000. Bei hutofautiana kati ya mtaa na mtaa, na kila msomaji anaweza kuweka namba za kwake, lakini katika maeneo mengi ya mjini hesabu ya mwezi huibeba gesi au huziweka nishati hizo mbili karibu sana. Kwa nini basi mkaa haushindwi?

Kwa sababu familia hiyo haipokei Sh60,000 mara moja. Kibarua wa ujenzi, mama ntilie na dereva wa bodaboda wanapata fedha kwa siku na kutumia kwa siku. Sh2,000 ipo kila jioni. Sh25,000 kwa mkupuo haipo. Wauza bidhaa nyingine waliligundua hili zamani. Mafuta ya kula hupimwa kwa kibaba, sukari hufungwa kwa robo, vocha za simu zilishuka hadi Sh500, na umeme wa Luku hununuliwa hata kwa Sh1,000. Gesi ndiyo iliyobaki ikiuzwa kama saruji, mfuko mzima au basi.

Hapa ndipo sera ya sasa inapopungua. Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), serikali imekuwa ikitoa mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei. Ni hatua ya maana, kwani gharama ya kwanza ya mtungi na jiko lake ilikuwa kikwazo kikubwa. Lakini ruzuku hiyo inamsaidia mteja siku ya kwanza. Siku gesi inapokwisha, na mfukoni iko Sh3,000, mtungi hukaa kona ya chumba na kopo la mkaa linarudi. Anayehesabu mitungi iliyogawiwa atapata takwimu nzuri za kusoma kwenye hotuba. Kipimo halisi ni idadi ya mitungi iliyojazwa tena.

Dawa ya tatizo hilo ilijaribiwa Dar es Salaam kabla ya kuenea kwingine. Kampuni ya KopaGas iliweka mita juu ya mtungi, mteja akawa analipa kwa simu kiasi alicho nacho na kupata gesi ya kiasi hicho, kama Luku. Teknolojia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Circle Gas ya Uingereza mwaka 2020 na ikatumika pia Kenya. Mita ina gharama yake na inahitaji mtaji mkubwa, hivyo haiwezi kumfikia kila mtu kesho. Hata hivyo, shilingi ya ruzuku inayowekwa kwenye mita hufanya kazi kila siku ya mwaka, na ile ya mtungi hufanya kazi mara moja. Kugawa gesi mtaani kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo si njia mbadala. Ni kosa na ni hatari ya moto.

Umeme nao umeanza kuwa na hoja. Mitambo yote 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025, na jiko la umeme la presha huchemsha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Maharage na makande ndivyo vyakula ambavyo hata wenye gesi huvirudisha kwenye mkaa kwa kuhofia kumaliza mtungi. Tatizo liko kwenye madaraja ya bei. Mteja mdogo wa Tanesco hulipa Sh100 kwa uniti, kabla ya kodi, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, uniti zinazofuata huuzwa kwa zaidi ya mara 3 ya bei hiyo. Familia inayoanza kupikia umeme ina kila uwezekano wa kuvuka mstari huo, na hivyo kuadhibiwa kwa kufanya kile kile serikali inachokihimiza. Hata kwa bei hiyo ya juu sufuria ya maharage hugharimu pungufu ya kopo la mkaa, lakini wateja wachache wanalijua hilo, na jiko lenyewe linauzwa kwa mara kadhaa ya bei ya kujaza mtungi mdogo.

MARUFUKU ZILIZOPITA

Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku uchomaji na usafirishaji wa mkaa. Bei ilipanda jijini, wenye magunia yaliyofichwa walitajirika, na marufuku haikudumu. Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018. Bei ya mkaa ikapaa, na amri hiyo ikaondolewa mwaka 2023. Uganda nayo Mei 2023 ilizuia mkaa wa biashara kutoka wilaya za kaskazini. Mkaa ukizuiwa upande mmoja wa mpaka, bei ya upande huo huwaita wachomaji wa upande wa pili.

Kenya iliongeza kosa jingine linalofaa kukumbukwa. Julai 2021, wakati mkaa ukiwa umebanwa, gesi ya kupikia ilitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Ilishushwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa Julai 2023. Kwa miaka 2 mwananchi alizuiwa mlango wa kuingilia na wa kutokea. Tanzania ina udhaifu wake wa aina hiyo: gesi ya mitungi karibu yote huagizwa kutoka nje kwa dola, hivyo shilingi ikiyumba au bei ya dunia ikipanda, kama ilivyokuwa mwaka 2022, kopo la mkaa huwa la kwanza kufaidika.

Agizo la mwaka 2023 la kuzitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ni la aina tofauti, na lina nafasi nzuri zaidi ya kufanikiwa. Shule, magereza na kambi hununua kwa bajeti, si kwa kopo. Mahali ambapo fedha hupatikana kwa mkupuo, gesi ya mkupuo inafaa.

Kwa upande wa kijiji, jaribio la kuangaliwa ni la Kilosa na wilaya jirani za Morogoro. Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vilitenga sehemu ya misitu yao kwa ajili ya mkaa, vikaigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50 na kuvivuna kama mraba wa drafti, kitalu kimoja kinakatwa na cha jirani kinaachwa, kwa mzunguko wa miaka 24 ili visiki vichipue. Mchomaji alilipia mti kijijini, na fedha hizo zikajenga madarasa na kulipia huduma nyingine za kijiji. Mti ulipopata bei, tanuri bora nalo likapata sababu. Kilichobaki kuwa mwiba ni soko: mkaa huo uliolipiwa ushuru hukutana mjini na mkaa uliopita njia za panya usiku, na mteja wa kopo haulizi risiti. Kama kizuizi cha barabarani kina kazi, kazi yake ingekuwa kumlinda mchomaji huyu aliyelipa.

Njia nyingine zinazopigiwa debe zichukuliwe kwa tahadhari. Mkaa mbadala wa makaa ya mawe, kama ule wa Rafiki unaotengenezwa na Shirika la Madini la Taifa (Stamico), huokoa miti, lakini makaa ya mawe yanabaki kuwa makaa ya mawe kwa hewa na kwa hali ya joto ya dunia. Fedha za kaboni zimefika kweli katika vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinavyotunza msitu wa Ntakata. Kwa majiko banifu hali si hivyo: utafiti wa kimataifa uliochapishwa Januari 2024 ulionyesha kuwa hesabu za kaboni za miradi mingi ya majiko zilizidishwa takriban mara 9. Kijiji kinacholetewa mkataba wa aina hiyo kisome nani anapima, nani analipa, na kwa muda gani.

KWA MWENYE GENGE

Mfanyabiashara mdogo wa mkaa hana sababu ya kusubiri 2034. Mkaa una chenga. Kila gunia linalomwagwa huacha unga chini ambao ni fedha zilizopotea, isipokuwa kwa wale wanaouchanganya na udongo au uji wa muhogo na kuufinyanga upya. Gesi haina chenga wala hailowi mvua ikinyesha. Inachotaka ni mtaji, kwa kuwa kila mtungi uliopo dukani ni fedha zilizolala, na inataka kibali, mahali penye hewa na mizani ya kuthibitisha uzito mbele ya mteja. Faida ya mtungi mmoja ni ndogo. Biashara iko kwenye mzunguko. Kwa hiyo mitungi michache inayokwenda na kurudi kwa bodaboda ndani ya mtaa ule ule inaweza kulipa kuliko shehena iliyojaa ukuta. Wauza mkaa watatu au wanne walio katika kikundi cha kuweka na kukopa wana nafasi ya kuanza ambayo mmoja peke yake hana.

Ipo pia suala la wakati wa kuanza. Masika yakishika, barabara za vijijini hugeuka tope, malori ya mkaa hukwama, magogo hulowa, na kopo mjini hupungua ujazo kabla hata bei haijatajwa kupanda. Wiki hizo hesabu ya Sh25,000 huonekana tofauti machoni pa mteja, na mwenye mitungi iliyojaa siku hizo ndiye atakayegongewa mlango na watu ambao Januari walikuwa hawataki kusikia habari za gesi.